Siafu wa Misitu ya Mvua: Tumtambueje kwa Umbo Lake?

Mvua za kwanza zikishanyesha Dodoma, taa za barazani huvamiwa na wadudu usiku kucha. Wengi ni kumbikumbi. Ila katikati yao hutokea mdudu mwingine mkubwa, wa kahawia iliyokaribia njano, mwenye manyoya kifuani, macho makubwa na tumbo refu la mviringo, akiruka kwa kelele na kujigonga kwenye taa. Watu humwita nyigu na kumponda kwa kandambili. Huyo ni dume la siafu. Hana mwiba, hachomi mtu.

Hata wataalamu walimchanganya. Mwaka 1764 Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyeweka utaratibu wa kuvipa viumbe majina ya Kilatini, alimworodhesha dume wa aina mojawapo ya siafu pamoja na nyigu. Si ajabu, kwa sababu dume na kibarua wa siafu, yaani mfanyakazi wa kiota, hawafanani hata kidogo.

Siafu tunaowasikia zaidi, wanaotembea kwa misafara juu ya ardhi, ni wa nchi zenye unyevu, hasa misitu kama ile ya Usambara na Uluguru. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua na jua kali, kwa hiyo ndugu zao wa nchi kavu kama hii huishi zaidi chini ya udongo. Ndiyo maana tunaona madume kwenye taa bila kuwaona vibarua.

Tumtazame basi kibarua wa msituni, tukianzia kichwani. Hana macho kabisa. Msafara mzima huongozwa na harufu na mguso, na kazi hiyo hufanywa na papasi mbili, yaani vipapasio vya kichwani, zilizopinda katikati. Kichwani pia ndipo penye silaha yake. Vibarua wa kiota kimoja hutofautiana mno kwa ukubwa, kuanzia milimita 3 hivi hadi zaidi ya 10, na wale wakubwa, tunaowaita askari, wana kichwa kipana na taya ndefu mfano wa mundu. Askari akiuma haachii. Ukimvuta, mwili hukatika na kichwa kikabaki kimeng'ang'ania ngozi. Rangi yao ni kati ya wekundu wa kahawia na weusi.

Sehemu ninayowasisitizia wanafunzi waitazame kwa lenzi ni kiuno. Kati ya kifua na tumbo la siafu pana pingili moja ndogo iliyojitenga. Sisimizi wengine wengi wana mbili. Mchwa hana kiuno chembamba hata kidogo: mwili wake umenyooka, na papasi zake hazina kiwiko. Anaitwa chungu mweupe na baadhi ya watu, lakini nasaba yake ni ya mende, wakati siafu ni jamaa wa nyigu na nyuki. Kwa wale wenye mabawa, angalia urefu: kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana, dume la siafu mabawa yake ya mbele ni makubwa kuliko ya nyuma.

Malkia haonekani kirahisi. Hana macho wala mabawa, na tumbo lake likijaa mayai, katika baadhi ya aina za msituni, urefu wake hupita sentimita 5. Kati ya sisimizi walio hai leo, hakuna mkubwa kuliko yeye anayejulikana. Kwa kuwa hawezi kuruka, madume ndiyo huruka kutafuta viota vingine, na dume likipokelewa, vibarua hulikata mabawa.

Wanaosafiri kwenda mikoa ya misitu wasimwage dawa ya wadudu juu ya msafara. Siafu wakipita ndani ya nyumba hula mende na wadudu wengine kisha huondoka wenyewe. Mtoe mtoto mchanga na mgonjwa asiyeweza kutembea kwanza, kisha ufungue banda la kuku na ufungue mbuzi waliofungwa kamba, kwa maana mnyama asiyeweza kukimbia ndiye anayeuawa.

Ukimpata dume kwenye taa yako hapa Dodoma, usimponde. Mweke kwenye chupa yenye spiriti, andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi tarehe, kijiji au mtaa na saa uliyomwona, utumbukize karatasi hiyo humo humo, kisha mpeleke kwa mwalimu wa baiolojia wa shule iliyo karibu. Bila tarehe na mahali, mdudu huyo hatusaidii kujua siafu wa nchi kavu wanaishi wapi.