Gari lililobadilishwa injini si lazima liwe bovu

Mtaani husemwa gari likishashushwa injini limekwisha, usiliguse. Si kweli. Toyota IST iliyofungwa injini ya 2NZ ya mtumba kutoka Japani, na fundi anayejua kazi, yaweza kuizidi yenye injini yake ya awali iliyochoka kwa kucheleweshewa oili.

Kasoro kubwa huwa kwenye ufungaji: waya zilizoungwa kwa selotepu, taa ya injini iliyozimwa kijanja. Nenda kulikagua asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya maziwa mara nyingi ni maji yaliyoingia. Moshi wa bluu? Inakula oili.

Halafu kadi ya gari, ambayo wengi hawaiangalii kabisa: namba ya injini ilingane na iliyogongwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Zikitofautiana, muuzaji arekebishe kwanza TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ndipo mzungumze bei.