Kuungwa mfupa wa kifundo cha mkono bila nusu kaputi
Wengi wetu Mtwara na Lindi, tukisikia kwamba jirani aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho atawekewa chuma kwenye kifundo cha mkono, huamini kuwa hana budi kupewa nusu kaputi, na hofu hiyo yaweza kumchelewesha kwenda hospitali. Si lazima. Kwa baadhi ya mivunjiko, daktari huchoma lidokaini iliyochanganywa na adrenalini kuzunguka mfupa, kisha hungoja karibu nusu saa: ya kwanza huzima maumivu, ya pili hubana mishipa ya damu, hivyo mkono haufungwi ule mpira wa kuzuia damu, ambao humuumiza sana aliye macho. Mgonjwa huhisi kuguswa na kuvutwa, na husikia mlio wa drili, ambao kwa kweli haupendezi. Akiambiwa akunje vidole, hukunja, na daktari huona papo hapo kama chuma kimeshika sawasawa.