Je, wajua kwa nini anayemtafuta babu yake Mnorwei hutafuta parokia kwanza?

Ndugu wawili wa tumbo moja walihama Norwei katika karne ya 19 wakaenda kulima Minnesota, Marekani. Mmoja alizikwa kwa jina la Olson, mwingine Haugen. Wajukuu wao huenda wanakaa mtaa mmoja leo wasijue kuwa ni damu moja. Mfano huu ni wa kubuni, ila wanaofuatilia nasaba za Wanorwei hukutana na visa vya aina hii kila mara.

Mkulima wa Norwei wa zama zile kwa kawaida hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina la ubatizo, likafuatiwa na la baba: mwana wa Ole ni Olsen, binti yake ni Olsdatter, mtindo uleule wa Ali bin Juma. Jina la tatu ni la shamba alikoishi, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu lilifanya kazi ya anwani. Lars Olsen Haugen akihamia shamba la Bakken, anaandikwa Lars Olsen Bakken. Akioa binti aliyerithi shamba na kuhamia kwake, anachukua jina la shamba la mke. Hata kibarua aliyepewa kibanda na kijishamba kwenye ardhi ya mwenye shamba aliitwa kwa jina la shamba hilo. Sheria ya kila familia kuwa na jina moja la kurithi ilipitishwa 1923, wakati watu wapatao 800,000 walikuwa wameshahama tangu meli ndogo Restauration ilipong'oa nanga Stavanger mwaka 1825.

Kwa hiyo jina peke yake halikufikishi mbali. Mashamba yaitwayo Haugen yametapakaa Norwei nzima; lazima uijue parokia.

Kazi huanzia Marekani. Karani wa sensa aliandika "Norwei" akaishia hapo, lakini mchungaji wa Kilutheri mara nyingi aliandika parokia aliyozaliwa muumini, maana naye alitoka hukohuko. Mimi ningeanza na vitabu vya kanisa kabla ya kitu kingine chochote. Jalada la ardhi nalo lina faida: chini ya sheria ya 1862 mlowezi alipewa hadi ekari 160 akiishi hapo na kulima miaka mitano, na mgeni alipaswa kuonyesha karatasi za kuomba uraia.

Ukishaipata parokia, mambo hulainika. Hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Norwei imeweka rejista za kanisa mtandaoni bure: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi, hata chanjo ya ndui na orodha ya waliohama. Zipo pia sensa za 1801, 1865 na 1875 zenye majina ya watu, shamba kwa shamba.

Ukikuta akina Lars Olsen watatu parokia moja, tazama watoto wao. Kwa desturi, mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ikiwa wana wa Lars wa Minnesota ni Ole na Knut, mtafute Lars aliyeoa Knutsdatter.