Uzi wa Moshi, uzi wa Arusha na uzi wa mlimani

Wiki mbili zilizopita tulifungua maboksi matatu ya nyuzi mpya dukani kwetu hapa Moshi, na tangu siku hiyo kila anayeingia huanza kwa kuuliza rangi. Nawaelewa, kwa kuwa katika maboksi hayo imo bluu iliyoiva ambayo hata mimi niliitoa kwanza na kuipanga dirishani kabla sijaandika bei. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kufuma na kuuza uzi, nimezoea kumjibu mteja kwa swali moja: nguo hii itavaliwa wapi? Wengi hudhani ninawapeleleza, kumbe jibu lao ndilo litakaloniambia ni boksi lipi nilifungue na ni lipi nilisukume chini ya meza.

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi, lakini mji wetu uko kwenye mita 800 kutoka usawa wa bahari na wenzetu wanakaribia mita 1,400, na kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. (Lugha yetu yenyewe huhesabu joto kwa nyuzi, jambo ambalo mfumaji hawezi kulilalamikia.) Kwa hiyo mama wa Njiro, Arusha, anayembeba mtoto alfajiri ya Julai, ukungu ukiwa umeshuka na manyunyu hayajui yaanze au yaache, anahitaji kitu tofauti na mama wa Majengo, Moshi, ambaye ifikapo saa nne asubuhi atakuwa ameshamvua mtoto kila alichomvisha. Ukipanda hadi kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600 kwenye njia ya kilele cha Kilimanjaro, hesabu ileile inakupa joto lililo pungufu ya la Moshi kwa nyuzi 25 hivi, tena upepo haujahesabiwa. Hizo ni hali tatu za hewa ambazo mtu mmoja anaweza kuzipitia katika wiki moja, na hakuna uzi mmoja unaozifaa zote.

Boksi la kwanza ni pamba tupu. Kwa Moshi sina mengi ya kuishauri: inapitisha hewa, inastahimili kufuliwa kila siku, na mtoto mchanga hawashwi nayo. Kasoro yake ni kwamba haina mvutiko, hivyo ukingo wa mkono wa sweta ya pamba hulegea na haurudi, na ikilowa inakuwa nzito na kukauka kwa taabu. Blanketi la mtoto, kofia ya kutokea kanisani na vitambaa vya makochi ndiyo makazi yake. Huwa inanisononesha kidogo kwamba pamba inalimwa kwa wingi kwetu, Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, ilhali sehemu kubwa husafirishwa nje kabla ya kusokotwa, kisha sisi tunanunua donge lililosokotwa kwa wengine.

Boksi la pili ni mchanganyiko wa pamba na akriliki, nusu kwa nusu, nami nimeuagiza kwa ajili ya Arusha. Akriliki peke yake ni nyepesi, hukauka upesi, haihitaji malezi, na ndiyo iliyomo katika sweta nyingi za shule na hata katika shuka nyingi za Kimasai zinazouzwa siku hizi. Wako wafumaji wanaoidharau, lakini mimi si mmoja wao, kwa sababu mama mwenye watoto wanne na beseni moja hawezi kufua nguo moja moja kwa maji ya uvuguvugu. Ninachowaonya wateja ni moto. Akriliki haiungui kama pamba, bali huyeyuka na kuganda juu ya ngozi, na katika nyumba ambayo mtoto anatambaa karibu na jiko la mkaa jambo hilo si dogo. Pasi nayo iogopwe, maana ukiikandamiza mara moja tu, vitanzi hulala na havisimami tena.

Boksi la tatu ni sufu, na hapo ndipo penye maneno. Kwanza, wauzaji wengi huita sufu kila uzi mnene wa sweta, hata kama ni akriliki mwanzo hadi mwisho. Asiyeliamini karatasi lililozungushiwa donge na akate kipande cha sentimita 5, akishike kwa kibano juu ya sahani na kukiwasha. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, moto wake hujizimia wenyewe, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki huacha kidonge kigumu cheusi ambacho hakisagiki, nawe usikiguse kabla hakijapoa.

Pili, karibu kila wiki naulizwa kwa nini sufu iagizwe kutoka nje ilhali ukipita Monduli barabara inafungwa na kondoo. Jibu ni kwamba kondoo wekundu wa Kimasai si kondoo wa sufu. Miili yao imefunikwa nywele fupi zisizosokoteka, na sifa yao kubwa ni nyama pamoja na uwezo wa kustahimili minyoo, sifa ambayo wataalamu wa mifugo huwapendea sana. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, wapo katika nyanda za juu za Kenya, na uzi wa aina hiyo hutufikia mara mojamoja kupitia mpaka wa Holili. Huu wa sasa, hata hivyo, umetoka mbali zaidi, na bei yake haifichi safari hiyo.

Kwa nini basi nimeuleta? Kwa sababu ya watu wa mlimani. Sufu inaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa amelowa, na hata ikilowa huendelea kuhifadhi joto, kwa kuwa nyuzi zake zilizojikunjakunja hushika hewa katikati yake. Pamba hufanya kinyume kabisa: hunywa jasho, hushikamana na ngozi, kisha upepo unapovuma humpoza aliyeivaa. Mpagazi anayepandisha mzigo asubuhi akitoka jasho, halafu akafika kambini jua linazama, hukutana na tatizo hilo kila siku ya safari. Wenyewe huitana wagumu, na jina linawastahili, lakini ugumu hauzuii masikio kufa ganzi.

Sufu hii mpya imetengenezwa ili ifulike, yaani kila unywele umepunguzwa magamba yake kwa dawa na kufunikwa utando mwembamba. Magamba hayo ndiyo yanayonasana sufu ya kawaida inapokutana na maji ya moto, sabuni kali na kusuguliwa. Somo hilo nililipata kwa gharama: nikiwa bado mwanafunzi wa kazi hii nilimfumia baba sweta ya sufu kwa miezi miwili, nikaifua kama ninavyofua kanga, na ikatoka kwenye beseni ikiwa saizi ya mjukuu ambaye alikuwa hajazaliwa. Kama sufu yako ni ya kawaida, tumia maji ya baridi na shampuu ya nywele, kwa maana sufu ni nywele, na epuka sabuni za unga, ambazo nyingi huwekwa vimeng'enya vya kula madoa ya protini pasipo kujua kwamba sufu nayo ni protini. Iloweshe, iminye bila kuisokota, kisha ilaze juu ya taulo kivulini. Ukiianika kwenye kamba itarefuka kwa uzito wa maji.

Asiyemudu bei ya boksi la tatu namwelekeza soko la mitumba la Memorial bila kuona haya, ingawa ninajinyima mauzo. Katika marundo ya mitumba hukosi sweta za sufu safi ambazo hazina mnunuzi kwa sababu zimetoboka kiwiko au mtindo wake umepitwa. Soma kitambulisho cha ndani ya shingo: neno la sufu huandikwa “wool”, “laine”, “lana” au “Wolle” kutegemea nchi ilikotoka. Kisha, na hili ni muhimu kuliko kitambulisho, igeuze nguo na uchunguze mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili nzima zilizounganishwa kwa uzi mmoja unaofumuka kama mnyororo, nunua. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi nyingi nyembamba za mashine, iache, kwa kuwa kila mstari umekatwa pande zote mbili na utaambulia vipande vifupi visivyofumika. Sweta nzuri ikishafumuliwa, uzi wake uuzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne, uuloweshe na kuutundika pamoja na kitu kizito kidogo ili mikunjo inyooke. Ninao mzula uliotoka kwenye sweta ya namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuutambua.

Sasa niseme juu ya kosa linalonirudishia wateja wengi wenye masikitiko. Uzi huuzwa kwa gramu, lakini nguo hufumwa kwa mita. Akriliki yetu ya unene wa kati ina mita 290 katika gramu 100, na pamba ya unene uleule ina mita 105 katika gramu 50, yaani 210 kwa gramu 100. Mteja aliyezoea kufuma sweta ya mtoto kwa gramu 200 za akriliki akanunua gramu 200 za pamba atajikuta na mita 420 mahali ambapo alihitaji karibu 580, na mkono wa pili wa sweta utabaki kuwa ndoto. Atakaporudi kuongeza, huenda donge la rangi ileile limetoka kwenye pipa jingine la rangi, na tofauti ambayo haionekani dukani itaonekana juani. Linganisha namba ya rangi iliyopigwa kwenye karatasi la kila donge, na ununue yote siku moja. Yatakayobaki bila kufunguliwa nayapokea.

Sindano nazo zina mtego wake. Sindano nyingi tulizorithi kwa mama na bibi zetu zimeandikwa namba za zamani za Kiingereza, ambazo hupanda kadiri sindano inavyokuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, na namba 6 ni milimita 5. Anayesoma maelezo mapya yanayotaka sindano ya 6, akachukua ya bibi, atakuwa na tofauti ya milimita nzima.

Ndiyo maana nasisitiza kipande cha majaribio, ingawa najua wengi hukiona kama kupoteza muda. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukifue na kukikausha kama utakavyofanya na nguo yenyewe, kwa kuwa sufu ya kufulika hupenda kutanuka baada ya kuoshwa, ndipo uhesabu vitanzi katika sentimita 10 za katikati. Tuseme maelezo yanataka vitanzi 22, nawe umepata 20. Vitanzi 2 vinaonekana si chochote, lakini sweta ya shule ya kifua cha sentimita 76, yenye vitanzi 167, itafikia sentimita 83 na nusu, na mtoto ataivaa mwaka huu kama koti.

Mradi wa kwanza ninaopendekeza kwa sufu mpya ni mzula wa mlimani, kwa sindano mbili za milimita 4 na mita 180 za uzi, yaani madonge 2 ya gramu 50. Anza na vitanzi 112, ufume viwili mbele na viwili nyuma kwa sentimita 8. Sehemu hii itakunjwa nje ili masikio yapate tabaka mbili. Endelea kwa ufumaji wa kawaida, mstari mmoja mbele na mmoja nyuma, mpaka kazi ifike sentimita 20. Hapo gawanya vitanzi mafungu 8 ya vitanzi 14, upunguze kitanzi 1 katika kila fungu, kwanza kila baada ya mstari mmoja kwa mara 5, kisha kila mstari kwa mara 8, hadi vibaki vitanzi 8. Kata uzi ukiacha mkia mrefu, upitishe kwenye vitanzi hivyo, vuta, kaza, na kwa mkia huohuo shona ubavu kutoka utosini kushuka chini. Ukifika kwenye sehemu ya kukunjwa hamisha mshono upande wa pili wa kitambaa, la sivyo utaonekana mzula ukishavaliwa.

Mzula huo utakuwa na mzunguko wa sentimita 51 hivi, mdogo kuliko kichwa cha mtu mzima, na hilo ni la makusudi: usipobana, upepo wa Barafu utauchukua.

Kuhusu ile bluu ya dirishani, madonge yaliyobaki ya namba moja ya rangi ni 9. Sweta ya mtu mzima inataka 11, kwa hiyo nimekwisha kuwakatalia wateja wawili. Mizula inatoka minne.