Sharti la Elimu ya Viungo Chuo Kikuu: Maana Yake na Jinsi Linavyofanya Kazi

Mpwa wangu, ambaye amekulia Mwanza na kumaliza kidato cha sita akiwa na nia ya kusomea ujenzi wa madaraja, alipata nafasi ya shahada ya kwanza katika chuo kimoja cha Marekani, na jioni moja alikuja nyumbani na karatasi zake za udahili akiwa amepigia mstari sentensi moja tu. Sentensi hiyo ilisema kwamba hakuna mwanachuo atakayetunukiwa shahada kabla ya kutimiza sharti la elimu ya viungo, pamoja na jaribio la kuogelea. Baada ya shikamoo aliuliza moja kwa moja: "Mjomba, mimi naenda kusomea uhandisi. Kuogelea kunaingiaje kwenye shahada yangu?" Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu dhana yenyewe haisikiki sana kwetu, na anayeisikia huichanganya na mambo mengine yanayofanana nayo.

Sharti la elimu ya viungo ni kanuni ya chuo inayomtaka kila mwanachuo wa shahada ya kwanza, awe anasomea sheria, uhasibu, udaktari au lugha, akamilishe kiasi fulani cha mafunzo ya mwili kabla ya kuhitimu. Uzito wa dhana hii umo katika maneno mawili: "kila" na "kabla". Neno la kwanza linaitenganisha na timu ya chuo, ambayo huchukua wachache wenye vipaji na kuwaacha wengine wote wakiwa watazamaji. Neno la pili linaitenganisha na mazoezi ya hiari, ambayo mtu huyaacha siku anapozidiwa na majaribio. Vilevile sharti hili si shahada ya elimu ya viungo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayoandaa walimu na wataalamu wa fani hiyo, na hapa mkoani kwetu Mwanza, huko Malya wilayani Kwimba, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo kinachofundisha makocha na viongozi wa michezo. Wanaosoma katika sehemu hizo wameichagua fani kuwa kazi yao. Sharti tunalolizungumzia linamlenga yule ambaye hakuichagua kabisa, na pengine anaikwepa.

Utekelezaji wake hutofautiana, lakini umbo la jumla linafahamika. Chuo hutoa orodha ya kozi fupi za vitendo, kama vile kuogelea, tenisi, kunyanyua vyuma, dansi, mbio au kujihami, na mwanachuo huchagua idadi iliyowekwa na kuzikamilisha katika mihula anayoitaka. Massachusetts Institute of Technology, chuo cha sayansi na uhandisi cha Marekani ambacho hakuna anayekishuku kuwa chuo cha wanamichezo, kinamtaka kila mwanachuo wa shahada ya kwanza amalize kozi nne za aina hiyo pamoja na sharti la kuogelea, na jaribio lenyewe ni kuogelea yadi 100, yaani kama mita 91, bila kusimama. Anayeshindwa hafukuzwi wala hapati aibu ya matokeo mabaya. Anaandikishwa katika darasa la wanaoanza, anafundishwa, na darasa hilo linahesabika kama sehemu ya sharti. Hapa ndipo mpwa wangu alipotulia, maana hofu yake yote ilikuwa kwamba angefika kule asiyejua kuogelea na kurudishwa nyumbani.

Jambo linalowatatiza wengi ni hesabu ya krediti. Katika mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360. Ndiyo maana Mtanzania anapoona kozi ya lazima, kwanza huuliza ina krediti ngapi na itamshushia au kumpandishia wastani kiasi gani. Kozi za elimu ya viungo mara nyingi hazifuati mantiki hiyo. Vyuo vingi huzipima kwa kufaulu au kutofaulu tu, bila alama inayoingia katika wastani, na baadhi havizihesabu kabisa katika jumla ya krediti za shahada, ingawa bila kuzikamilisha mtu hahitimu. Kwa hiyo sharti linaweza kuwa na uzito mkubwa siku ya kuhitimu huku halina uzito wowote katika wastani. Mwenye ugonjwa au ulemavu hupewa msamaha kwa cheti cha daktari, au, kwa utaratibu ulio bora zaidi, hupangiwa shughuli inayoendana na mwili wake, kwa kuwa msamaha mtupu humwacha nje ya darasa ambalo huenda yeye ndiye angelihitaji kuliko wenzake.

Chimbuko la mtindo huu katika vyuo vya Marekani hutajwa kuwa Amherst College, jimboni Massachusetts, ambako mwaka 1861 daktari aliyeitwa Edward Hitchcock alishika nafasi ya profesa wa usafi wa afya na elimu ya viungo na kuwafanyisha wanafunzi wote mazoezi kama sehemu ya masomo. Wakuu wa chuo walikuwa na wasiwasi kwamba vijana wanadhoofika kwa kukaa na vitabu, na wakaona ni wajibu wa chuo kuwarudisha kwa wazazi wakiwa na afya. Naona inafaa kukumbuka kwamba mlango wa kwanza wa sharti hili ulifunguliwa na daktari, wala si kocha. Baadaye vita kuu viliongeza sababu nyingine, kwa kuwa majeshi yalitaka vijana waliokakamaa na wanaojua kuogelea. Kufikia miaka ya 1920 karibu vyuo vyote vya Marekani vya miaka minne, asilimia 97 kwa utafiti unaotajwa mara kwa mara, vilikuwa na sharti hilo. Utafiti huohuo ulipochapishwa mwaka 2012 ulikuta vimebaki chini ya asilimia 40. Bajeti zilibanwa, kozi za lazima zilionekana kumnyima mwanafunzi uhuru, na vyuo vikaona kwamba kujenga ukumbi wa mazoezi na kuuacha wazi kwa anayetaka kunatosha.

Kwingineko mambo yamekwenda tofauti. China inawataka wanachuo wa shahada ya kwanza wasome elimu ya viungo katika mihula minne ya mwanzo, saa zisizopungua 144 kwa jumla, na Chuo Kikuu cha Tsinghua cha Beijing kilirudisha sharti la kuogelea kwa walioingia mwaka 2017. Ufilipino nayo ina kozi nne za lazima. Japani ilikuwa na ulazima kama huo baada ya vita, kisha ikaviachia vyuo viamue vyenyewe katika mageuzi ya 1991.

Kwetu, mwanachuo hukutana na kozi za lazima kama stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo, ambazo mhandisi na mwalimu huzisoma pamoja bila kulalamika sana, kwa sababu zimezoeleka. Elimu ya viungo haimo katika mazoea hayo, na hilo linashangaza ukitazama alikotoka mwanachuo huyo. Shule ya msingi alikimbia mchakamchaka alfajiri, vumbi likipanda na nyimbo zikiitikiwa. Akashuhudia au kushiriki UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, kisha UMISSETA, yale ya sekondari, alipofika huko. Na baadhi yao wamepitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Halafu anaingia chuo, anapanga chumba Malimbe au Nyegezi hapa Mwanza, anakwenda mjini kwa daladala na kurudi kwa bodaboda, anakaa darasani mchana na mbele ya kompyuta usiku, na kuanzia hapo hakuna mtu anayemuuliza tena habari za mwili wake mpaka siku atakapougua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kuimarisha misuli. Mwanachuo anayepanda mlima wa Bugando kwa miguu kila asubuhi huenda anakaribia kiasi hicho bila kujua. Wenzake wengi hawakikaribii.

Hata hivyo, siwezi kulitetea sharti hili kwa kila umbo lake. Likiwa la kusaini mahudhurio na kusimama kando ya uwanja, linampotezea kijana muda na kumfundisha kwamba mazoezi ni adhabu. Likipima kasi na nguvu, linawapa alama waliokuja nazo tangu nyumbani na kuwaaibisha wengine. Linakuwa na maana pale linapomfundisha mtu stadi ambayo hakuwa nayo, na ambayo itabaki mwilini mwake baada ya mihula kwisha. Kuogelea ndiko mfano wangu wa kwanza, na hapa simtajii msomaji mambo ya ng'ambo. Sisi ni watu wa ziwa, Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea; tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Sitadai kwamba kujua kuogelea kungewaokoa wote, kwa sababu wengi walinaswa ndani ya vyombo vilivyopinduka, na makosa ya kupakia watu kupita kiasi hayatibiwi kwa darasa la kuogelea. Lakini kati ya Mwanza, Ukerewe na visiwa vingine watu husafiri kila siku, wengine kwa mitumbwi midogo, na kujua kuelea kwa utulivu na kuvaa jaketi okozi ipasavyo ni elimu ambayo mhitimu wa chuo kilicho kando ya maji haya hapaswi kuikosa.

Kuna hadithi maarufu huko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwamba mama wa Harry Elkins Widener, kijana aliyekufa na meli ya Titanic mwaka 1912, alitoa fedha za maktaba kwa masharti kwamba kila mwanafunzi ajue kuogelea. Masharti ya msaada huo hayana kitu kama hicho, lakini naelewa kwa nini watu wameiamini hadithi hiyo kwa muda mrefu: mtu aliyepotelewa majini hutafuta cha kuwafundisha waliobaki.

Ugumu wa kweli kwetu ni mahali pa kufundishia. Ziwa lipo hatua chache kutoka madarasani, ila katika maji ya pwani yenye majani huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini ndani ya dakika chache. Dawa ya prazikwanteli inatibu, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yaleyale, na chuo hakiwezi kumlazimisha mwanafunzi aingie humo ili ahitimu. Darasa la namna hiyo linahitaji bwawa lenye maji yaliyotiwa klorini, mwokoaji aliyefunzwa na mwalimu anayejua kumfundisha mtu mzima mwenye hofu. Chuo kisicho na bwawa kinaweza kukodi la hoteli kwa saa za asubuhi, wakati ambao kwa kawaida halina wageni wengi.

Mpwa wangu ameanza hivyohivyo, Jumamosi mbili kwa mwezi, katika bwawa la hoteli mjini. Mpaka sasa anaweza kuelea chali na kuvuka upana wa bwawa mara moja, na karatasi zake za udahili zinaonyesha kwamba akifika ataanzia darasa la wanaojifunza.