Mipangilio ya ranger isipotii: jua kwanza ni faili lipi linalosomwa

Watumiaji wa ranger, programu iliyoandikwa kwa Python ya kupitia mafaili ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), huniuliza zaidi kuhusu jambo moja: wameandika mpangilio mpya, wameuhifadhi, wameifungua programu upya, na hakuna kilichobadilika, au vitufe vyote vimeacha kufanya kazi. Mara nyingi mstari walioandika hauna kosa. Tatizo ni kwamba mafaili yaliyomo katika saraka ya ~/.config/ranger hayasomwi kwa kanuni moja, ijapokuwa yanakaa pamoja.

Kabla ya kugusa chochote, endesha amri ya ranger --clean, ambayo huifungua programu bila kusoma mipangilio yako. Tatizo likitoweka, limo katika mafaili yako. Likibaki, chunguza terminali yenyewe, au programu saidizi ambayo haijasakinishwa.

Faili la rc.conf hubeba chaguo na vitufe. Kwa kawaida ranger husoma kwanza rc.conf iliyokuja nayo, kisha husoma ya kwako juu yake, kwa hiyo faili lako linaweza kuwa na mistari mitatu tu na kila kitu kikaendelea vizuri. Hali hugeuka pale kigezo cha mazingira RANGER_LOAD_DEFAULT_RC kinapowekwa kuwa FALSE. Ushauri wa kukiweka hivyo una maana kwa aliyenakili faili zima kwa ranger --copy-config=rc, kwa kuwa humwondolea kazi ya kusoma mistari ileile mara mbili. Aliye na mistari mitatu akiufuata, hubaki na programu isiyojua hata q ni ya kutokea, kwa sababu vitufe hivyo vyote, pamoja na nukta mbili inayofungua sehemu ya kuandikia amri, vimefafanuliwa ndani ya rc.conf ya asili. Kagua kigezo hicho kwa echo $RANGER_LOAD_DEFAULT_RC kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mafaili ya rifle.conf, linaloamua kila aina ya faili ifunguliwe kwa programu gani, na scope.sh, linalotayarisha onyesho la faili, hufuata kanuni tofauti kabisa: la kwako likiwepo, huchukua nafasi ya lile la asili, wala hayaunganishwi. Mwenye kuandika rifle.conf ya mstari mmoja wa PDF amefuta kanuni za kufungulia picha, video na maandishi. Tena, ndani ya rifle.conf kanuni ya kwanza inayolingana na faili ndiyo inayotumika, hivyo kanuni nzuri iliyowekwa chini kabisa huenda isifikiwe kamwe. Amri ya rifle -l ripoti.pdf itakuorodheshea njia zote zinazokubalika kwa faili hilo, kwa mpangilio wake, na hapo utaona mara moja kama yako imetanguliwa na nyingine.

Scope.sh, skripti inayotayarisha onyesho la faili katika safu ya kulia, ndiyo inayohitaji subira zaidi. Lazima iwe na ruhusa ya kutekelezwa, ruhusa ambayo hupotea kwa urahisi skripti ikipitia diski yenye mfumo wa FAT, usiohifadhi ruhusa hizo. Amri ya chmod +x huirudisha. Ikiwa ruhusa ipo na safu bado ni tupu, iendeshe mwenyewe kama ranger inavyoiendesha:

~/.config/ranger/scope.sh ripoti.pdf 80 40 /tmp/picha.jpg False; echo $?

Namba ya mwisho ndiyo jibu. Ukipata 1, skripti imeshindwa kutoa onyesho, na kwa PDF sababu ya kawaida ni kukosekana kwa pdftotext, programu ya kutoa maandishi ndani ya PDF, ambayo katika Debian hupatikana kwenye kifurushi cha poppler-utils. Ukipata 0 au 5 na maandishi yakatokea, skripti ni nzima. Rudi kwenye rc.conf uangalie kama use_preview_script ni true.

Picha zina sharti lake: preview_images iwe true, na preview_images_method ilingane na terminali unayotumia. Njia ya w3m huhitaji w3mimgdisplay, iliyomo katika kifurushi cha w3m-img cha Debian. Anayetumia terminali ya kitty aandike kitty, na awe na maktaba ya Pillow ya Python.

Kwa kuwa baadhi ya mafaili yako huchukua nafasi ya yale ya asili, simshauri anayeanza atumie --copy-config=all, inayonakili mafaili yote ya mipangilio. Nakala ya scope.sh uliyoichukua leo haitasasishwa pamoja na programu. Nakili faili unalokusudia kulibadilisha tu, na mengine yaache yasomwe kutoka kwa ranger yenyewe.