Kanuni za msingi za mawasiliano ya mdomo

Mawasiliano ya mdomo ni kupashana habari kwa sauti, iwe ana kwa ana, kwa simu au kwa redio. Yana mtoa ujumbe, ujumbe wenyewe, njia unayopitia, mpokeaji, na mrejesho, yaani jibu au ishara inayoonyesha jinsi ujumbe ulivyopokelewa. Wanafunzi wengi hukariri vipengele hivyo kwa mpangilio huo, na mrejesho hubaki mkiani kama nyongeza. Kwa maoni yangu, huo ndio unaobeba vingine vyote.

Tuangalie dirisha la dawa katika zahanati. Mama mtu mzima amepimwa, amekutwa na malaria, ameandikiwa dawa mseto. Mtoa dawa anamwambia: "Meza vidonge vinne sasa hivi, vinne tena baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Umeelewa?" Foleni ni ndefu. Mama anajibu, "Ndiyo, dokta," anachukua bahasha yake anaondoka.

Mtoa dawa hakukosea hata neno moja. Dozi nzima ya mtu mzima kwa vidonge hivyo ni 24, na dozi ya pili hufuata ya kwanza kwa saa 8. Lakini ikiwa huyo mama amemeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi, "baada ya saa nane" anaweza kuielewa kuwa ni mchana, saa nane ikishapita. Atameza baada ya saa 4 tu, na moyoni ataamini kafuata maelekezo yote. Ingetosha kumwambia "saa kumi na mbili jioni", kisha kumwomba aeleze kwa maneno yake atakavyomeza. "Umeelewa?" haipimi kitu, kwa sababu anayeulizwa mbele ya foleni hujibu ndiyo.

Hapo zinaonekana kanuni mbili nyingine. Ya kwanza ni kumjua unayesema naye na kuchagua maneno yenye maana moja tu masikioni mwake. Ya pili inatokana na sauti yenyewe: ikishatoka imepotea. Msomaji hurudi mstari wa juu, msikilizaji hana pa kurudi. Kwa hiyo mambo yawe machache, yapangwe kwa kufuatana, na lililo zito lirudiwe.

Kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, nacho ni sehemu ya ujumbe. "Umeshameza dawa" ni taarifa au ni swali? Kwenye karatasi alama ya kuuliza ndiyo inayoamua. Mdomoni inaamua sauti peke yake. Uso, mikono na kituo kati ya maneno hufanya kazi hiyo hiyo, na kwenye simu vingi kati ya hivyo havipo. Ndiyo maana namba ya simu husomwa polepole, kwa mafungu, na anayeiandika huirudia.

Kanuni ya kupokezana zamu hutajwa kama adabu tu: mwenzako akisema, nyamaza. Ina uzito zaidi ya hapo, hasa panapokuwa na cheo. Mgonjwa mbele ya daktari, au mwanafunzi mbele ya mwalimu, hupewa zamu ya kuitikia bila kupewa nafasi ya kuuliza.

Mfano mmoja ni ajali ya tarehe 27 Machi 1977: katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya shirika la Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia iliyofunikwa na ukungu. Walikufa watu 583. Rubani msaidizi wa KLM alikuwa amemtaarifu mwongoza ndege kwa redio kwamba sasa wako kwenye kuruka. Huyo akaelewa kwamba wamesimama tayari, akajibu "OK", kisha akawaambia wasubiri. Sekunde hizo hizo ndege ya Pan Am ilikuwa inatangaza kwamba bado iko barabarani. Sauti zikagongana hewani, na rubani wa KLM hakupata vizuri yaliyofuata baada ya "OK". Mhandisi wa ndege hiyo aliuliza kama Pan Am imekwisha kutoka. Rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka, na mhandisi hakuendelea.

Baada ya ajali hiyo lugha ya redio ilibanwa. Neno la kuruka likatengwa litumike tu katika kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka au kuifuta, na rubani akatakiwa kuirudia ruhusa aliyopewa badala ya kuitikia tu. Marubani wakaanza pia kufundishwa kwamba mdogo kwa cheo ana wajibu wa kusema anapoona hatari, na mkubwa ana wajibu wa kusikiliza.

Huku chini mrejesho huombwa kwa heshima, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri. Ukimwambia "Hebu rudia nilichosema," umemgeuza mtoto wa darasani. Sema hivi: "Mama, nimeeleza haraka, huenda nimeruka kitu. Ukifika nyumbani wakikuuliza dawa unazimezaje, utawaambia nini?" Kisha nyamaza, umwache aongee mpaka amalize, hata kama foleni inanung'unika.